Chungu cha Mama Mkwe Chini ya Boneti

Juzi nilipita kwenye gereji moja pale Kizwite nikamkuta kijana amelala juu ya injini ya gari kuukuu, jasho linamtiririka ilhali sisi wengine tumevaa makoti. Akanipa shikamoo yake vizuri, kisha akalalamika kwamba gari limegoma kabisa, halina moto. Nikamwuliza ameshafanya nini. Akanionyesha koili mpya, kondensa mpya na plagi mpya, vyote amevipanga juu ya gunia kama nyanya za kuuza. Nikamwuliza tena: moto unapotelea wapi? Alikuwa amenunua nusu ya duka bila kujiuliza swali hilo.

Sikumcheka. Au nilimcheka kidogo. Nilikaa kwenye tairi bovu nikamwelekeza ashike nini na atazame nini, na kabla chai ya saa nne haijaletwa gari lilikuwa linanguruma. Waya mmoja mwembamba ndani ya distribyuta ulikuwa umekatikia ndani ya ngozi yake, kwa nje unaonekana mzima. Kijana akaniambia, "Mzee, wewe noma." Nimeuliza nyumbani noma ni kitu gani, wameniambia hiyo ni sifa, basi nimeipokea.

Lakini njiani nikawaza kwamba sitakaa kwenye matairi yenu siku zote. Kwa hiyo nawaandikia ninyi mnaoshika spana hapa Ufipa. Mkitaka mtaniita mzee wa mambo ya kale, na ni kweli, magari yenu ya siku hizi yana visanduku vilivyofungwa ambavyo hata kuvifungua hamruhusiwi. Ila magari ya zamani bado yapo, na siku yakikugomea njiani Kalambo hakuna kisanduku kitakachokusaidia.

Kazi hii niliianza enzi za Mwingereza, kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja wa mjini Sumbawanga. Duka lilikuwa mbele, malori nyuma, na katikati palikuwa na mkeka wa kuswalia ambao hakuna aliyethubutu kuukanyaga na viatu vyenye grisi. Mimi nilitoka Kasense, mtoto wa wakulima Wakatoliki, mikono imezoea jembe. Aliyenifundisha ni Fundi Shabani, ndugu wa yule mfanyabiashara, tajiri wetu, mtu mfupi mwenye suruali ya viraka hata hujui kitambaa cha kwanza kilikuwa kipi. Ijumaa tu ndipo ulipomwona msafi, na hata hiyo Ijumaa kucha zake zilimsaliti.

Fundi Shabani hakukuruhusu kufungua hata nati moja kabla hujamsimulia kwa mdomo moto unatoka wapi na unakwenda wapi. Alitaka uuone kama msafiri anayetoka Sumbawanga kwenda Mwazye. Kama hajafika Mwazye, alisema, usikae Mwazye kulia. Rudi nyuma uulize kijiji kwa kijiji: hapa alipita? Na hapa je? Mahali alipoonekana mara ya mwisho, basi amepotelea mbele kidogo ya hapo. Nami nilisimama mbele yake nikisimulia: unatoka kwenye betri, unaingia kwenye koili unapata nguvu, platini, vile vyuma viwili vidogo, zinafunguka na kufungana kuurusha, unapita waya mnene wa katikati hadi kwenye kofia ya distribyuta, pale rota inaugawa, kila plagi inapata zamu yake. Nikikosea njia, ananirudisha betrini.

Namna ya kuuliza ni rahisi. Chomoa waya mmoja kwenye plagi, ushike kwa kitambaa kikavu, ncha yake iwe mbali na chuma cha injini kama unene wa kidole. Mwenzako azungushe hendeli, ile fimbo ya chuma ya kuwashia injini kwa mkono. Moto mzuri ni wa bluu, unaruka na kulia ta, ta, ta, utausikia hata kama hutazami. Ukiuona mwekundu au wa manjano, mwembamba, unasitasita, huo ni mgonjwa. Usipoona kitu, nenda kwenye waya mnene wa katikati ufanye vilevile. Fundi Shabani mwenyewe hakutumia kitambaa. Alishika kwa vidole vitupu, akidai kwamba anapima nguvu yake. Moto ukiwa mzuri aliruka hatua nzima kinyumenyume, akatikisa mkono na kusema kwa furaha kwamba huyu ni mzima. Ninyi msiige.

Makosa niliyoyaona miaka ile yangetosha kunilaza nikicheka. Palikuwa na dereva aliyekausha plagi zake jikoni pamoja na viazi, jambo ambalo si baya, sote tulichoma plagi kwenye makaa. Ila yeye alipoona zimekuwa nyekundu alizitumbukiza kwenye maji zipoe upesi. Kaure yote ikapasuka. Mwingine alisikia kwamba platini zikiungua husuguliwa, akazisugua kwa jiwe la kunolea jembe hadi chuma kikaisha, akatuletea vipande akiuliza kwa nini havigusani. Platini husuguliwa kidogo tu, kwa msasa laini, na nafasi yake ukikosa kipimo tumia karatasi ngumu ya ganda la kiberiti. Na ukiona zinaungua tena na tena kwa muda mfupi, usizilaumu zenyewe, itazame kondensa inayozikinga.

Basi, hayo ndiyo ya kila siku. Sasa nije kwenye lori la Rajabu, dereva wa tajiri wetu, maana bila lile lori nisingejua kazi hii ina uzito gani.

Lilikuwa lori la petroli, lenye pua ndefu, limeshazeeka nilipolikuta. Rajabu aliliendesha hadi Mwazye msimu wa mavuno kwenda kuchukua ulezi na mahindi ya tajiri. Kila safari alilala huko, akarudi kesho yake. Mimi ndiye niliyemwelekeza alale kwa mama mkwe wangu, mama wa mke wangu Yustina. Alikuwa mjane, nyumba yake iko kando ya barabara, ana uwanja mpana wa kuegesha, na uji wake wa ulezi ulisifiwa hadi mjini. Rajabu alipewa kibanda cha pembeni na bakuli la uji asubuhi, akawa anamwita mama.

Kisha ikaja baridi ya kipupwe. Wenyeji wa Ufipa sina haja ya kuwaeleza, asubuhi umande unauma vidole na injini inakuwa nzito kama imetiwa asali. Rajabu alikuwa akifunika boneti kwa blanketi kuukuu usiku, na alfajiri anazungusha hendeli hadi viganja vinavimba. Lakini liliwaka. Mpaka asubuhi moja halikuwaka. Alizungusha, akapumzika, akazungusha, wapi. Jua lilipopanda vizuri lori likawaka lenyewe kama halijafanya kitu.

Alipofika Sumbawanga nilichomoa waya, nikamwambia azungushe, moto ukaruka wa bluu, unalia. Nikasafisha platini, nikamwambia nenda na amani. Safari iliyofuata, Mwazye likagoma tena hadi jua lilipopanda. Nikabadilisha kondensa. Likagoma. Nikabadilisha waya zote za plagi. Likagoma. Na kila asubuhi likilala kwetu mjini liliwaka vizuri, na baridi ni ileile. Siku moja nikawa nalitukana kwa Kifipa, Fundi Shabani akanisikia. Kifipa hakukijua sana lakini matusi aliyatambua. Akaniambia, "Gari halijakudanganya. Linaumwa Mwazye, wewe unalipima Sumbawanga."

Nilikuwa sijapanga safari bado Rajabu aliporudi na habari. Hakushuka kwenye lori. Aliniita dirishani, amevua kofia yake, ananitazama magoti. Akanieleza kwamba jirani mmoja amemwona mama mkwe wangu alfajiri, siku ambayo lori liligoma, anatoka jikoni na chungu, anainua blanketi, anakiingiza chini ya boneti, huku midomo yake inasemasema. Jirani akaeleza wenzake. Wakamvizia safari hii, wakamwona tena, na lori likagoma tena. Watu wakakusanyika uwanjani kwake. Walipomwuliza alikuwa anafanya nini alijibu kwamba alikuwa analipasha moto, na jibu hilo likawatisha kuliko kukana. Wakamtaka aondoe alichokiweka. Kwetu mtu anayedhaniwa ameshika kitu kwa uchawi huambiwa ateme maji juu yake, kuonyesha amekiachilia. Walibishana kwanza kama inafaa kwa gari, kisha wakamletea maji kwenye kibuyu, naye akayatema juu ya boneti mbele ya watu wote. Rajabu akazungusha hendeli. Lori likawaka.

"Mimi sisemi kitu, fundi," Rajabu aliniambia. "Nasema nilichokiona. Alitema maji, na gari likawaka."

Nilimwuliza ilikuwa saa ngapi. Akasema jua lilikuwa limeshapanda, watu walikuwa wamebishana sana. Hapo akili yangu ya ufundi ilishtuka kidogo, lakini mtu mwingine ndani yangu, mkwe wa watu, alikuwa ameshaishiwa nguvu. Maana jumbe wa Mwazye alikuwa ametoa uamuzi. Mama yule aondoke Mwazye, na lori lilelile litakaporudi ndilo limchukue.

Nilipomwambia Yustina alikuwa anapepeta mahindi. Aliweka ungo chini, akakaa juu ya kinu. Hakulia. Alisema, "Atalala wapi? Hapa kwako hawezi, na kwao hawamtaki."

Vijana, nyumba zenu za leo mama mkwe anakuja na begi lake, anakaa sebuleni, mnatazama televisheni pamoja. Kwetu wakati ule haikuwezekana. Mkwe na mama mkwe hawakusogeleana. Ukimwona njiani unaingia majanini apite. Hukuzungumza naye uso kwa uso, na ukiwa na neno ulimtuma mkeo. Haikuwa chuki, ilikuwa heshima, na mama yule alinipa yote niliyostahili. Sasa aje alale chini ya paa langu, mjane aliyefukuzwa, na jina lile limtangulie mjini? Angeona afadhali alale porini. Nami namjua Yustina, angemfuata huko huko.

Fundi Shabani alinipa ruhusa bila maswali. Alichoniambia ni kwamba nisiende kubishana na watu, niende nikapime.

Tulifika Mwazye alasiri, mimi na Yustina na Rajabu. Kitu cha kwanza nilichokiona ni furushi mlangoni kwa mama mkwe. Lilikuwa limefungwa kwa kamba, limekazwa, na juu yake amelaza mkeka. Mwenyewe alikuwa ndani. Nikabaki nyuma ya ua wa mabua kama inavyotakiwa, nikamtuma Yustina akamwulize alichokuwa akifanya na kile chungu, na asiache hata neno moja.

Yustina alikaa ndani sana. Alipotoka sikuweza kujua kama analia au anacheka. Akanieleza kwamba mama yake alimwonea huruma Rajabu. Kila alfajiri alimsikia akihangaika na hendeli, anatweta, viganja vimevimba. Na mama yule maisha yake yote alitengeneza kimea cha ulezi, alijua kwamba kitu kilichokufa ganzi kwa baridi unakifunika na kukipa joto, kinaamka. Basi alichemsha maji, akakiweka chungu wazi chini ya boneti, akalirudisha blanketi juu yake vizuri, na kwa kuwa hakuwa na hakika na mambo ya injini aliongezea Salamu Maria. Kisha alikitoa chungu kabla Rajabu hajaamka, kwa sababu hakutaka kushukuriwa.

Nilicheka hadi nikashika ua. Mvuke! Mwanamke wa watu alikuwa anaipikia distribyuta mvuke kila alfajiri, na kwetu mjini hakukuwa na mtu wa kuipikia. Ndiyo maana liliumwa Mwazye tu, na ndiyo maana jua likipanda lilikauka likapona. Kama ningeweza kumwuliza mama mkwe wangu neno moja tangu mwanzo, yote hayo yasingetokea.

Halafu nikaacha kucheka. Nikiwaambia watu kwamba chungu ndicho kilichozima moto, watasema basi, fundi mwenyewe kakiri, mama yake mkwe ndiye aliyelizima gari. Ningekuwa nimemfungia mzigo kwa kamba ya pili. Ilinipasa niwaonyeshe kwamba mkono wa mama yule haukuhusika, na zaidi ya hapo, kwamba chungu chenyewe hakikuwa na kosa. Mvuke kidogo hauzimi gari zima. Lazima palikuwa na mahali moto ulipokuwa unatafuta njia ya kutorokea, ukapewa.

Nilifungua kofia ya distribyuta jua likiwa linashuka, nikaitega kwenye mwanga wa pembeni. Pale palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama unywele, umetoka kwenye tundu la waya mnene wa katikati ukateremka ubavuni kwa nje hadi kwenye chuma. Mara ngapi nimeishika kofia ile! Ikiwa kavu moto hauujali mstari huo. Ikilowa, unakuwa barabara.

Nikaenda kwa jumbe. Alikuwa mtu mzima aliyechoka, amevaa koti zito la jeshi, na alinipokea bila ukali. Aliniambia hamchukii mama yule, pombe yake ameinywa tangu ujana wake, lakini watu wanaogopa na yeye ni jumbe wa watu hao. Sikubishana naye. Nilimwomba asubuhi moja tu, na chungu cha maji ya moto kutoka jikoni kwake mwenyewe. Alifikiri kidogo, akakubali.

Asubuhi watu walikuwa wengi kuliko wa misa. Mke wa jumbe alileta chungu kinachofuka. Nikaomba mama mkwe abaki ndani na mlango ufungwe, Yustina akakaa naye. Chungu nilimpa Rajabu. Hakutaka. Nikamkumbusha kwamba alikuwa anamwita mama, basi akakipokea, akakiweka chini ya boneti na kufunika blanketi kama alivyoelekezwa. Tukasubiri mpaka maji yakawa vuguvugu. Rajabu akakitoa chungu, akazungusha hendeli. Kimya. Akazungusha tena hadi mishipa ya shingo ikamtoka. Kimya.

Jumbe akamwuliza Rajabu kama na yeye sasa ni mchawi. Watu wakacheka, lakini si wote. Mzee mmoja nyuma alisema kwa sauti kwamba wenye mambo hayo hata wakiwa ndani wanaweza.

Nikafanya kama nilivyofundishwa, kijiji kwa kijiji. Waya wa plagi: hakuna kitu. Waya mnene wa katikati: moto wa bluu, ta, ta, ta, watu wa mbele wakarudi nyuma. Nikawaambia basi mmeona, moto umefika kwenye kofia ukiwa mzima, haujatoka upande wa pili. Nikaurudisha waya mahali pake, nikamwomba jumbe ainame kwenye injini, nikamfunika blanketi kichwani pamoja na kofia ya distribyuta ili apate giza. Nikamwambia Rajabu azungushe.

Mtu mkubwa yule alikaa chini ya blanketi, makalio yakiwa nje mbele ya watu wake wote, na hakuna aliyecheka. Kisha tukasikia sauti yake kutoka ndani.

"Nauona," alisema. "Unatambaa. Unashuka ubavuni kama siafu."

Alipotoka aliamuru yule jirani aliyeanza maneno aingie atazame, na mzee wa nyuma naye. Wakapanga mstari, kila mmoja chini ya blanketi kwa zamu, Rajabu anazungusha na kulalamika mkono. Kila aliyetoka alitoka na uso mwingine. Wameuona moto unatoroka kwenye ufa, na mama yule yuko ndani amefungiwa.

Lakini bado. Nilitaka chungu nacho kisafishwe jina. Nilifuta kofia kwa kitambaa, ndani na nje. Nikaukwangua ule mstari mweusi kwa ncha ya kisu hadi ukaisha kabisa, maana ule weusi ni masizi ya moto na ukiuacha utarudia njia. Kilichobaki ni kuziba. Nikauliza nani ana nta. Mlango wa mama mkwe ukafunguka kidogo, mkono wa Yustina ukatoka na kipande cha mshumaa wa kanisani. Nikakiyeyusha, nikajaza ufa, nikapaka na mashina ya waya. Kisha nikaishika kofia juu ya makaa, mbali, mpaka ikawa na joto la kushikika mkononi.

Hilo la mwisho lishikeni, vijana, linafaa hata leo. Mvuke hutua juu ya kitu baridi. Kofia ikiwa na joto haitoi jasho. Mkikuta distribyuta imelowa kwa mvua au umande, kuifuta peke yake haitoshi, ipasheni joto kidogo ndipo muirudishe.

Nikairudisha. Nikamwomba mke wa jumbe chungu cha pili. Hapo Rajabu akaninong'oneza kwamba gari sasa litawaka, tuliwashe tu yaishe, kwa nini nacheza na bahati. Alikuwa na haki. Likigoma mara hii, mama mkwe wangu amekwisha, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemmaliza. Lakini likiwashwa bila chungu, chungu kingebaki na kosa lake, na kesho yangezuka mengine. Nikamwambia aweke.

Tukasubiri. Mvuke ulitoka kwenye matundu ya blanketi. Sijui nilisali au nilihesabu plagi. Rajabu akatoa chungu, akashika hendeli, akanitazama, akazungusha.

Likakohoa. Likakohoa tena. Kisha likashika, likanguruma, moshi ukawafunika wote, na jumbe akawa anapiga makofi ndani ya koti lake. Nikakaa palepale chini, kwenye umande, mgongo kwenye gurudumu, nikilisikiliza. Sijawahi kuusikia mwimbo mzuri kuliko ule.

Jumbe alikwenda mwenyewe hadi mlangoni. Sikusikia yote aliyosema, ila nilisikia neno utusamehe. Jirani naye akaja na debe la ulezi akaliweka kizingitini.

Ile nta ilidumu hadi kofia mpya ilipoletwa kutoka Mbeya. Rajabu alimwomba mama mkwe aendelee kumchemshia maji, ila ampe yeye anawie uso, lori liachwe na baridi yake. Mama yule aliishi miaka mingi katika nyumba ileile, na alipofariki majirani walewale ndio waliomchimbia kaburi, kando ya marehemu mumewe. Nimewaza mara nyingi kwamba kama siku ile ningekuja na kondensa mpya mkononi badala ya swali, angezikwa kwa wageni. Ndiyo maana nakuwa mkali mnapobadilisha vitu ovyo. Si uzee tu.

Lakini asubuhi ile bado sikuwa nimejua hayo yote. Nilikuwa nimekaa chini, magunia yameanza kupakiwa, nasikia njaa kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Nikamwona mama mkwe, kwa mbali, kupitia mabua ya ua. Alichuchumaa mlangoni, akawa anahangaika na furushi lake. Kamba alikuwa ameikaza mno. Akaivuta kwa meno.

Yustina akaja kunipa ujumbe, macho yamevimba na anatabasamu.

"Mama anasema msiondoke na njaa," aliniambia. "Ila ugali utachelewa kidogo. Mwiko alikuwa ameshaufunga."